Chai ya Jaji Mwavuli

Bora niseme mapema, kabla hamjanizoea mkanipenda: mie ndiye niliyemtoa baba wa rafiki yangu ndani ya nyumba yake, na nilimtoa kwa kikombe cha chai na vipande viwili vya mkate vilivyotiwa tango. Sikuhongwa. Mtu akihongwa angalau hupata kitu, akaezeka paa au akaoa mke wa pili. Mie nilikula tango. Na kama hilo halitoshi, yule baba mtu nilikuwa nikimwita ami, na huyo rafiki, Seif, nimekula kwake Ijumaa baada ya Ijumaa, Unguja na kisha hapa Maskat, miaka sitini na zaidi, nikijichukulia kichwa cha samaki kama kwamba nimekirithi, wala siku moja sikumwambia. Sasa ameambiwa, na aliyemwambia si mie.

Ilikuwa hapo kwake Khuwair ya Kusini, baada ya sala ya Ijumaa. Mie nakaa Amerat, nje huko nyuma ya milima, na mjukuu wangu hataki niendeshe gari, anasema macho yangu hayafai. Namwambia barabara ile naijua kwa kuisikia. Tulikuwa tumeshakula. Nguru wa kukaanga, wali wa nazi, achari ya embe anayoitengeneza mkwewe Seif kwa ukali wa mtu mwenye kisasi. Mjukuu wake Raya, anayesoma sheria Uingereza, alikuwa nyumbani likizo, na wakati dalla, lile birika la kahawa, linazunguka akatoa simu yake akasema ana zawadi ya babu. Ati kwenye maktaba moja huko Uingereza amekuta sanduku la makaratasi ya jaji aliyekuwa Unguja zama za Mwingereza, madaftari yake ya kila siku, watoto zake wamelitoa wasomi wasome. Na ndani yake kuna kesi ya nyumba ya Malindi, Unguja mjini. Kesi yao. Amepiga picha kurasa zote. Seif akafurahi, akataka miwani. Mie nilikuwa na tende mdomoni, na nakwambieni, ile tende sikuitafuna wala sikuitema. Ilikaa tu.

Niache hapo kwanza niwarudishe nyuma, maana mkisikia aliyoyasoma Raya bila kumjua mwenyewe aliyeyaandika mtanionea huruma mapema, na mie nataka mnionee pale panapostahiki. Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa karibu na mwisho wa Mwingereza, nami nina miaka ishirini. Shule niliiacha njiani. Waalimu walisema nimeiacha, ukweli tuliachana kwa ridhaa. Nikapata kazi mahakamani, kubeba mafaili. Siku moja mkalimani wa jaji mkuu wetu akashikwa na mawe ya figo, na mtu pekee karibu na mlango mwenye Kiingereza nilikuwa mie. Kiingereza changu nusu cha darasani na nusu cha sinema, kwa hiyo shahidi wa kwanza niliyemtafsiria, bibi mmoja muuza ubuyu, alizungumza mbele ya mahakama kama mpanda farasi mwenye bastola. Jaji aliinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Alikuwa anacheka. Kuanzia siku ile hakutaka mkalimani mwengine.

Jina lake silitaji. Mjini wakimwita Jaji Mwavuli, kwa sababu alitembea na mwavuli mweusi kiangazi na masika, jua linawaka yeye kaufungua, mvua inanyesha yeye kaukunja anautumia kama bakora. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amehukumu watu Gold Coast na Nyasaland, na nchi hizo akizitaja kama mtu anayetaja mahoteli aliyolala: hapa vitanda vizuri, pale mbu wengi. Alikuwa mrefu, ana adabu, halali bila kusoma. Sikuwahi kumsikia akimpigia mtu kelele. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia jaji wa kikoloni wanamtaka mwenye kiboko. Wangu hakuwa na kiboko. Wangu alinivutia kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa na mikono, na mto. Mzungu alikuwa hajapata kunikalisha, na kwa hakika hata nyumbani kwetu kiti chenye mikono alikuwa na haki nacho baba peke yake. Saa kumi za jioni, siku za Jumatatu na Alkhamisi, nilikwenda nyumba yake ya serikali nje kidogo ya mji, nikaingia chumba cha vitabu. Kilinuka ngozi na kafuri. Vitabu vya sheria vilikuwa vimevimba kwa unyevu, vimegandana hata ukivuta kimoja vinakuja vitatu. Ukutani pana saa ya kupimia hewa, anaigonga kwa kidole kila akipita, na picha ya mkewe aliyebaki Uingereza, amesimama nyuma ya mbwa. Mbwa ndiye aliyekuwa mbele. Mpishi Mgoa akaleta chai na ile mikate iliyokatwa kingo, nami nikijiuliza kingo anakula nani. Jaji akiuliza tu. Harusi zetu zinakwendaje. Nani hasemezani na nani. Kwa nini watu wa mtaa fulani hawazikani na wa mtaa fulani. Nami, ndugu zangu, mdomo wangu haujapata kuwa na mlango. Nilimpa mji mzima. Niliwaigiza makadhi, mawakili, mwenye duka la vitambaa, mpaka akavua miwani akafuta macho. Alisema nina kichwa cha sheria. Alisema akirudi likizo ataniandikia watu London, nikasome. Nikitoka pale nilitembea katikati ya barabara, magari yakinipisha.

Nilipokuwa nafunga viatu mlangoni nilimuona kila mara anafungua daftari la jalada la kijani. Nikamuuliza siku moja anaandika nini. Akasema hali ya hewa. Na kweli, nikifikiri sasa, mie nilikuwa upepo.

Sasa Ami Hamed. Baba yake Seif alikuwa mtu mwembamba, mweupe wa nguo, mwenye nyumba ya ghorofa tatu pale Malindi aliyoachiwa na shangazi yake. Na alikuwa na jambo moja ambalo mji mzima ukilijua: haapi. Sisi wengine tunasema wallahi mara kumi kabla ya kununua fungu la nyanya. Yeye maisha yake halimtoki. Alisema kuapa ni kumwita Mungu aje asimame shahidi, na yeye hajaona kesi ya kumsumbulia Mungu. Akachukulia mbali zaidi: hata jambo analolijua hasemi kwa yakini. Jua limetoka, Ami Hamed? Nnadhani. Mtoto wako huyu? Nnadhani, muulize mama yake. Posta karani alimuuliza jina, akajibu, "Nnadhani Hamed," na karani akamrudisha nyumbani akalithibitishe. Tulimpenda kwa hilo na tulimcheka kwa hilo, na mbele yake, naye akicheka nasi. Mie nilikuwa bingwa wa kumuigiza. Ile shingo inayoinama pembeni, ile nnadhani inayotoka polepole kama mtu anayetoa mwiba wa samaki.

Nilimuigiza kwa Jaji. Alhamdulillahi nilikuwa katika hali nzuri sana siku ile. Jaji alimwaga chai kwenye kisahani. Alipomaliza kucheka akauliza: hata kwa mali yake mwenyewe haapi? Nikasema, hata kwa kichwa chake, bwana. Akagonga saa yake ya hewa, tukahamia mambo mengine.

Baada ya Ramadhani binamu yake Ami Hamed akafungua kesi. Alidai yule shangazi kabla hajafa alimpa yeye nyumba ile kwa mdomo. Karatasi hana. Shahidi mmoja tu angeweza kusema kweli, bibi mzee aliyemuuguza marehemu, na huyo kashahamia Pemba, hawezi kutembea. Kumleta, au kumfuata kwa ushahidi, ni kazi ya wiki nyingi. Na sheria yetu mnaijua, au muijue sasa: mwenye kudai asipokuwa na ushahidi, jaji anaweza kumgeukia mdaiwa akamtaka ale yamini. Akishika Msahafu akasema haya anayodaiwa si kweli, kesi imekwisha, ameshinda. Akikataa, ameshindwa. Mjini watu walishampa Ami Hamed ushindi. Ijumaa moja, mkono juu ya Msahafu, maneno matatu, kisha aende akale.

Siku tatu kabla ya kusikilizwa, Jaji aliniita, na si nyumbani. Ofisini, kafunga mlango, chai hakuna. Hakunivutia kiti. Juu ya meza pana faili, na juu ya faili pana tikiti ya meli, maana likizo yake ilikuwa Jumamosi ile. Akaniuliza yule mzee wako wa nnadhani ndiye huyu? Nikasema ndiye. Akaniuliza taratibu, akinitazama: ni kweli kabisa hawezi kuapa, au ulikuwa unanichekesha? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu miaka yote nimejidanganya kwa kusema sikujua. Nilijua. Si kujua kwa kichwa, kichwa changu kilikuwa London kinasoma sheria. Tumbo lilijua. Aliyekuwa akiniuliza alikuwa jaji, rafiki hakuwemo mle ndani. Ningeweza kusema nilikuwa natania, bwana. Maneno matatu. Nikasimama wima nikasema hawezi, nakuhakikishia. Na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba mtu mkubwa namna ile ananitegemea mie.

Chumba cha mahakama kilijaa. Feni linazunguka, Jaji kavaa nywele zake za bandia, jasho linamshuka kwenye masikio. Seif kakaa nyuma, kavaa kanzu mpya, ananikonyeza. Binamu mtu akaeleza. Jaji akasema hakuna haja ya kusubiri shahidi wa Pemba, mdaiwa ale yamini Ijumaa hii msikitini. Niliyetafsiri ni mie. Nililitafsiri vizuri, katika mwaka mzima ule ndiyo tafsiri yangu safi kuliko zote. Ami Hamed alinisikiliza, shingo ikainama pembeni, nami nikamuona anavyonitazama, kwa upole, kama ninayemtafutia njia. Kisha akasema:

"Mwambie jaji nyumba ni yangu. Lakini kitabu cha Mungu sikishiki kwa ajili ya matofali."

Hakusema nnadhani. Ndiyo mara pekee nilipomsikia akisema jambo kwa yakini. Nikalitafsiri neno kwa neno. Jaji akaandika, kisha akainua macho kunitazama, akapandisha nyusi kidogo tu, kama mtu anavyomshukuru aliyempitishia chumvi.

Walihama wiki ile ile kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa mji, vyumba viwili vya mjomba wake Seif. Kitanda cha Ami Hamed, cha kuchongwa, hakikuingia mlangoni, ikabidi tukitoe miguu. Seif kashika upande wa kichwani, mie upande wa miguuni. Tulipokitua akaniambia ahsante ndugu yangu, ni wewe tu uliyekuja. Ami Hamed alilala kwenye kitanda kile kisicho miguu, chini, kwa sababu hakutaka tuhangaike tena, na kabla Ramadhani nyengine haijaandama akafa. Alikuwa haumwi kitu. Watu walipouliza anaumwa nini alisema, "Nnadhani siumwi."

Jaji hakuniaga. Aliniachia bahasha kwa mpishi. Nilidhani ni ya London. Ilikuwa barua ya kunisifu: kijana mwaminifu, mwerevu, mwenye kifua cha kutunza siri. Cheka ukitaka, mie nimeshacheka sana. Likizoni hakurudi, akapelekwa kisiwa chengine, watu wengine wamuite jina jengine. Barua ya London haikuja. Na miaka si mingi baadaye yakaja Mapinduzi, binamu mtu naye akaikosa nyumba, na mie nikapata dawa yangu. Kila usingizi ukinikataa nikijiambia: ingekwenda tu. Nimeinywa dawa ile miaka mingi. Ina kasoro moja, kwamba Ami Hamed alishazikwa wakati ule, na nyumba ilipokwenda kwa wengine haikumkuta ndani.

Ile barua ndiyo iliyonipa kazi. Nilipofika Maskat miaka ya sabini, nchi inafunguka, kila wizara inatafuta anayejua Kiingereza, nikaitoa ndani ya nailoni. Mkuu akasoma kifua cha kutunza siri akanipa meza. Nimelea watoto watano juu ya sentensi ile. Nikaitia fremu, nikaitundika majlis kwangu Amerat, juu ya televisheni. Seif amekaa chini yake akitazama mpira mara ngapi sijui. Akiwaonesha wageni, anawaambia, someni, hata Mzungu alimjua huyu.

Basi, Khuwair, kahawa, Raya na simu yake. Alisoma kwa Kiingereza kisha akawageuzia waliomo. Jaji ameandika kuwa mkalimani wake kijana kamchekesha tena leo, kamuigizia mzee mmoja asiyeapa hata kwa kichwa chake. Ukurasa mwengine, majuma mbele: amemuuliza tena kijana, kijana kahakikisha. Akiamuru yamini, mzee atakataa, na faili litafungwa kabla ya meli. Kisha mstari mmoja nao ndio ulionikata zaidi, nakiri, hata kuliko aibu: kijana anafurahisha, lakini hana kitu ndani, kama kasuku. Kisha joto la siku ile na upepo umetoka wapi. Kumbe kweli akiandika hali ya hewa.

Raya alipandwa na ghadhabu. Jaji alijua, alisema, alijua mzee atakataa kabla hajamuuliza, hii si hukumu huu ni mtego. Kisha akamgeukia babu yake akamuuliza huyo mkalimani ni nani, yuhai? Wanawe Seif, wakwe zake, watoto, wote wakamtazama yeye. Mie nilitazama zulia. Zulia lile lina mistari ishirini na saba, sasa najua. Seif alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni taratibu. Shingo yake ikainama pembeni.

"Nnadhani," alisema, "makarani walikuwa wengi."

Kisha akamwambia mkwewe anijazie kahawa. Nilikunywa. Aliponisindikiza hakushuka ngazi. Nilikaa ndani ya gari chini ya jengo mpaka mlinzi akaja kugonga kioo.

Ijumaa iliyofuata hakunipigia simu, na ile baada yake. Nilimpigia, hakushika. Nyumbani nilimla samaki peke yangu, kichwa kizima, hakina ladha. Ijumaa ya saba niliishusha fremu ukutani, nikaitia ndani ya mfuko wa duka la Lulu, nikavuka mlima. Mlango alifungua Akinyi, nesi Mkenya anayempima Seif sukari. Akasimama katikati ya mlango, amefadhaika.

"Mzee amesema nikuambie ametoka."

"Kasema mwenyewe?"

"Ndiyo. Mwenyewe. Yuko hapo kwa kiti."

Nikamsikia Seif ndani akisema niachwe niingie. Alikuwa peke yake majlis, miguu juu ya stuli. Amekonda. Sikukaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno barabara nzima, na ya kuchekesha nilikuwa nayo mawili matatu, yote yakanikimbia. Nikaweka mfuko chini. Nikamwambia mkalimani ni mie, jambo ambalo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nikamwambia yule mtu alinidanganya, alinivutia kiti, aliniahidi, alinitumia, nilikuwa kijana. Nikamwambia sikujua. Na nilipoona uso wake haubadiliki, nikaona Msahafu wake pale kwenye rafu, juu ya kitambaa cha kijani, nikasema:

"Nipe nikuapie, Seif. Nishike hapa hapa, sikujua anataka kufanya nini."

Na ningeapa. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Nyinyi mnajua nilichokijua mle ofisini, na bado ningeapa.

Seif akanionesha mto ulio karibu yake, pale ninapokaa siku zote.

"Kaa chini, Suleiman," aliniambia. "Babangu hakuushika kwa nyumba ya ghorofa tatu, na alikuwa msema kweli. Wewe leo uushike kwa ajili ya mdomo wako?"